Msusi Anayeumwa Alale Nyumbani, na Siku Zake Zilipwe

Mei 2020, katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri nchini Marekani, mtengeneza nywele mmoja alianza kujisikia vibaya. Dalili zilimwanza tarehe 12, naye akaendelea kuhudumia wateja mpaka tarehe 20, majibu ya vipimo yalipotoka kwamba ana korona. Siku tatu baada ya yeye kuanza kuumwa, mwenzake wa saluni hiyohiyo naye alishikwa, na yeye pia akaendelea na kazi. Mpaka wanasimama, wawili hao walikuwa wamehudumia wateja 139.

Watu wa afya waliwafuatilia wateja wale kwa wiki mbili. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha dalili. Waliokubali kupimwa walikuwa 67, na wote hawakukutwa na virusi. Mji ule ulikuwa umeweka sharti la barakoa: wahudumu walizivaa mbele ya wateja, na kati ya wateja 104 waliohojiwa, 102 walisema hawakuivua muda wote wa huduma.

Kisa hiki kilisambaa sana kama ushahidi wa kazi ya barakoa, na kwa haki kabisa. Lakini mimi niliyesimama nyuma ya kiti cha saluni kwa miaka, macho yangu huenda kwa waliougua. Mwenzake wa kazi aliugua, na wawili hao walikuwa wakikaa pamoja bila barakoa katikati ya mteja na mteja. Wakaugua pia watu wanne wa karibu wa yule wa kwanza, mume wake akiwamo. Yaani mteja aliondoka salama, ugonjwa ukabaki kwa wafanyakazi na kuingia majumbani mwao.

Ndiyo maana kila ninaposikia usalama wa saluni unazungumzwa kama suala la vitakasa mikono mlangoni na kipimajoto cha kupima watu kwenye paji la uso, naona tumeanzia mkiani. Kinga kubwa kuliko zote ni mgonjwa kutokuwepo. Na mgonjwa hatakosekana kazini kama kukosekana kwake kunamaanisha nyumbani hakuna kitu.

Tuliofanya kazi hii tunajua hesabu zake. Wengi wetu hatuna mshahara. Kuna anayelipwa kwa kichwa, kuna wa kamisheni, kuna aliyekodi kiti na kodi inamsubiri awe ameshika chanuo au hakushika. Siku moja ya kulala ni siku ya kupoteza mara mbili: hukuingiza, na mteja wako amekwenda kwa mwingine ambaye huenda akampenda kuliko wewe. Mtu wa hivyo akiamka na koo linawasha, atasema ni vumbi. Atameza vidonge vya homa, na kile kipimajoto cha mlangoni kitampitisha. Mimi nimewahi kufanya hivyo, na sikujiona mkosaji, nilijiona mchapakazi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kipindi cha mlipuko, mwenye saluni asidai kodi ya kiti kwa siku ambazo msusi anaumwa, na serikali inayotoa amri ya mgonjwa kujitenga iweke na fedha ya kumtunza mgonjwa huyo, hata kama hana mkataba wa ajira. Amri bila fedha inamfundisha mtu kuficha kikohozi. Mteja naye ana sehemu yake. Akiahirisha miadi kwa sababu anaumwa, asikatwe malipo ya awali. Tukimkata, atakuja hivyohivyo na mafua yake, na lawama zitakuwa zetu.

Baada ya hapo ndipo nazungumzia hewa.

Mteja anakaa kwenye kiti kile mara moja. Msusi anavuta pumzi za kila aliyekaa hapo kuanzia asubuhi mpaka jioni, tena kwa umbali wa mkono uliokunjwa. Angalia tu wakati wa kuosha nywele: mteja amelala uso juu, kichwa kwenye sinki, na msusi ameinama juu yake, wanapumuliana usoni. Virusi vya korona husafiri kwenye chembechembe za mate, na chembe ndogo zaidi huelea hewani kama moshi. Chumba kikifungwa, zinajaa. Januari 2020, kwenye mgahawa mmoja wa Guangzhou nchini China, watu kumi wa familia tatu waliokaa meza za jirani waliambukizwa, na waliochunguza walikuta kiyoyozi kilikuwa kikizungusha hewa ileile pale walipokaa. Saluni nyingi zina tabia hiyohiyo. Tunafunga madirisha ili vumbi lisiingie na ubaridi usitoke, kisha draya tatu zinapuliza kwa pamoja.

Fungua dirisha, na ukiweza fungua la upande wa pili pia ili hewa ipite. Feni igeuzwe itoe hewa nje, isimpulizie mteja mmoja kuelekea kwa mwingine. Hili halihitaji fundi wala mkopo, na nashangaa bado ni saluni chache zilizolishika, ilhali kila moja ilinunua ndoo ya kunawia.

Sina neno baya juu ya ndoo. Sabuni huvunja ule utando wa mafuta unaovifunika virusi, na mikono yetu inashika vichwa, kope na midomo ya watu. Ila kuna siku nzima zilikuwa zikipotea kusugua viti na vitasa huku madirisha yamefungwa.

Barakoa nayo ina mambo yake madogo ambayo mtu asiyeshika mkasi hayajui. Kamba za masikioni zinazuia kunyoa pembeni. Ukifika hapo, mwombe mteja aachie kamba ya upande mmoja na aishike barakoa kwa mkono wake ikiwa imebana usoni, umalize upande huo, kisha ahamie wa pili. Kunyoa ndevu na kusafisha uso haviwezekani na barakoa, hivyo wakati wa mlipuko mkali huduma hizo zisubiri. Ile ngao ya plastiki ya usoni ikivaliwa peke yake, hewa inapita chini na pembeni. Uingereza walipofungua saluni Julai 2020 walianza na ngao, na mwezi uliofuata tu wakaongeza sharti la barakoa chini yake.

Halafu kuna midomo yetu sisi wenyewe. Kinyozi anapuliza nywele kwenye mashine kwa mdomo, na hiyo pumzi inaishia kwenye shingo ya mtu. Msusi anabana vibanio kwa meno, anachukua kimoja na kukichomeka kwenye nywele za mteja. Nilikifanya hiki miaka yote bila kukifikiria. Siku nilipovaa barakoa kwa mara ya kwanza, nilipeleka kibanio mdomoni kikagonga kitambaa, ndipo nikajua ni mara ngapi kwa siku nafanya hivyo. Brashi ndogo ya kupangusia mashine na kibakuli cha vibanio vinamaliza tatizo lote.

Kuhusu dawa za kusafishia nitasema kwa haraka, maana hapa watu wanaumia. Chombo kioshwe kwanza kwa sabuni ili mafuta na nywele vitoke, ndipo dawa ifanye kazi. Mkasi na vyuma vingine vipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70, kwa kuwa klorini inavitia kutu. Klorini ya asilimia 5 ichanganywe sehemu moja kwa sehemu 49 za maji, inatosha kwa meza na sakafu. Na kamwe isimwagwe kwenye sinki lenye mabaki ya rangi ya nywele: rangi nyingi zina amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa gesi inayochoma mapafu. Wala asipuliziwe mtu dawa mwilini, mteja wala mfanyakazi.

Narudi Springfield kidogo, maana kuna jambo wasusi wa nywele ndefu tunapaswa kuliona. Huduma zile zilichukua dakika 15 mpaka 45. Kusuka nywele ndogondogo kunachukua saa nne, tano, sita, mara nyingine wasusi wawili juu ya kichwa kimoja, na katikati mteja anakula na kuongea na simu. Kisa kile hakiwezi kutuhakikishia chochote kuhusu saa sita. Kwangu mimi, wakati wa mlipuko mitindo mirefu isukwe nje kwenye kivuli au varandani, msusi awe mmoja au wawili walewale mpaka mwisho, na mteja anayetaka kula asogee kando kwanza.

Na chumba cha nyuma, tunapolia chakula na kucheka, ndicho cha kuogopwa zaidi. Mbele ya mteja tunajichunga. Tukifika nyuma tunashusha barakoa kidevuni, tunakula sahani moja, tunaonjeshana vinywaji. Wale wawili wa Missouri walikuwa sisi kabisa. Kula kwa zamu kunachosha, najua, maana saa ya chakula ndiyo saa pekee ya kupumzisha miguu pamoja na wenzako.

Saluni niliyofanyia kazi, mwenzetu mmoja alikuja anakohoa wiki nzima. Wote tulimsikia. Hakuna aliyemwambia arudi nyumbani, kwa sababu kila mmoja alijua kodi yake ya nyumba imefika. Baada ya nusu yetu kuugua, tulikubaliana kila kichwa kinachomalizika kitoe kidogo kwenye kopo moja, na kopo likae kwa mtu mmoja tuliyemwamini. Mwenye saluni aliposikia, aliacha kudai kodi ya viti kwa siku za ugonjwa. Wa kwanza kulitumia alikuwa yuleyule aliyekuwa akikohoa, aliposhikwa tena miezi kadhaa baadaye. Safari hii alipiga simu saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajavaa viatu. Akalala siku kumi. Wateja wake wawili niliwasuka mimi, nje, chini ya mti, na aliporudi nikamrudishia wote.