Pikipiki ikilala, hesabu hailali

Mama alipojua nimelipa pauni 139 ili nikazunguke na pikipiki mahali pamoja kutwa nzima, kisha nirudi pale pale nilipoanzia, alinyamaza kidogo kwenye simu. Halafu akauliza, "Abiria je?" Nikamwambia hakuna abiria. "Mzigo?" Hakuna mzigo. "Haya mwanangu," akasema, kwa sauti ile ile ya mwaka nilioacha shule.

Mahali penyewe ni Donington Park, kule Leicestershire, nusu saa kutoka kwangu Nottingham. Wapenzi wa mbio wanapajua. Pikipiki zimeshindana hapo tangu 1931, na mwaka 1993 Ayrton Senna, dereva wa magari ya Formula One, aliyapita magari manne katika mzunguko wa kwanza, barabara imelowa, watu wanasimulia hadi leo. Siku za kawaida uwanja unakodishwa. Mwenye leseni, suti ya ngozi na helmeti ya kufunika uso analipa, anasaini kwamba akianguka ni shauri yake, anaingia. Si mashindano na hakuna kombe. Mnagawanywa makundi matatu kwa uzoefu, kila kundi linaingia kwa zamu ya dakika 20. Asubuhi kabla ya yote anakuja mtu na kipimo cha kelele, anakisogeza karibu na ekzosi yako, anakuambia upandishe injini. Vijana wetu wa Tanga wanaotoboa ekzosi wasingevuka geti.

Sina gari la kubebea pikipiki, kwa hiyo niliiendesha yenyewe saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha. Ni ya Kijapani, cc 650, silinda mbili, si kijana tena. Mizunguko ya kwanza nyuma ya mwalimu ilikwenda safi. Baadaye, nateremka Craner Curves, mteremko unaojikunja huku roho yako imeshatangulia chini, injini ikakohoa na nguvu ikakatika nusu. Haikuzima. Ilikuwa inamisi, kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu mmoja. Nikanyoosha mkono juu, nikakaa pembeni, nikajikokota hadi nje. Kijana mwenye kizibao cha rangi kali akaisikiliza kwa sekunde tatu, akatikisa kichwa. Huingii tena humu mpaka iwe nzima. Wala hakufoka. Alisema tu, akamgeukia mwingine.

Saa nne na nusu ya huku ni saa sita na nusu ya Tanga. Nikampigia kwa video fundi wangu wa Ngamiani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Iwashe, halafu usiongee."

Nikaiwasha. Akasikiliza kijiko kikiwa hewani, alikuwa anakula. "Silinda moja imelala. Mwagia maji mabomba." Nikadondoshea maji ya kunywa kwenye mabomba mawili ya ekzosi. La nyuma likafoka tsss. La mbele maji yakateleza tu, yakaanguka chini. "Ya mbele hiyo. Koili imekufa, mdogo wangu. Tafuta koili."

Nikatafuta mtandaoni koili, kile kifaa cha kuipa plagi umeme. Ipo, inafika kesho kutwa.

Basi nikanunua chai na sandwichi, nikakaa kwenye kiti cha kukunja, nikawa natazama wenzangu wanavyopita. Kama saa nzima. Na nikiwa pale ndipo nikashtuka na kitu kimoja: sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nimeumia hela yangu kidogo, lakini moyo umetulia. Pikipiki imeniharibikia na moyo wangu umetulia. Sijawahi kujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja.

Mwaka 2013 nilikuwa naendesha pikipiki ya bosi mmoja pale Tanga, hesabu, yaani hela ya kumpelekea mwenye pikipiki, elfu saba kwa siku, na Jumapili ni siku kama nyingine. Breki ya mbele ilikuwa imekufa. Wala si kwamba sikujua, nilijua kwa wiki tatu. Kuipeleka gereji ni kupoteza asubuhi nzima, asubuhi ndiyo hesabu, na bosi alikuwa hapokei maelezo, anapokea hela. Nikawa nabana ya nyuma na kumwachia Mungu ya mbele. Usiku mmoja nikapakia mama mjamzito na dada yake, mishikaki, kutoka Makorora kwenda Hospitali ya Bombo, manyunyu yanaanguka, lami inang'aa kama imepakwa mafuta ya nazi. Nilikuwa naanza kubana breki hatua hamsini kabla ya kila kona. Yule mama kila uchungu ukimshika ananikaba kiunoni, na mimi nahesabu kona zilizobaki. Tulifika. Dada mtu akanipa buku mbili, akanibariki na watoto wangu ambao sikuwa nao. Sikumwambia.

Njia nzima ile hakuna mwenye kizibao aliyetokea kuniambia huingii tena barabarani mpaka iwe nzima. Na angetokea ningemchukia, maana angekuwa amenilaza njaa.

Turudi Donington. Kwenye kibanda cha jirani yangu alikuwepo mzee mmoja aliyechimba makaa ya mawe enzi za ujana wake, kabla migodi ya upande huu haijafungwa. Alikuwa amekuja na pikipiki kuukuu kuliko yangu na bati la biskuti lililojaa spana. Akauliza kama nimekuja nayo kwenye mvua. Nikasema ndiyo. Akachukua kipande cha waya mwembamba, akapiga goti, akakichomeka kwenye kitundu ubavuni mwa silinda ya mbele, kitundu ambacho miaka minne sikuwahi kukiona. Yakatoka maji machafu, kama nusu kikombe cha kahawa.

Kumbe plagi ya mbele imekaa ndani ya kishimo kilichotazamana na tairi. Mvua ikinyesha tairi linairushia maji, na kile kitundu ndicho cha kuyatolea. Matope yakikiziba, kishimo kinajaa, na umeme badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi unapita njia rahisi ya maji. Koili nzima kabisa. Tukachomoa kofia ya plagi, tukapuliza kwa kompresa, tukafuta, tukawasha. Silinda mbili.

Nikampigia tena fundi, akatazama kwenye simu. "Kumbe!" akasema. "Mwambie huyo mzee shikamoo." Nilishindwa kuitafsiri. Nikamwambia tu kwamba rafiki yangu anamheshimu.

Naomba wenzangu wa ughaibuni tuipumzishe ile hadithi yetu ya vikao, kwamba wazungu hawatengenezi kitu, wanabadilisha spea tu, na kwamba fundi wa chini ya mwembe ana akili kuliko gereji zao zote. Mimi mwenyewe nimeisimulia mara nyingi. Siku ile fundi wangu alipata nusu, mzee wa makaa akapata nusu, na gereji ya mtaani kwangu ingenitoza saa mbili za kazi kufika hapo hapo. Mikono ipo kote. Kinachotofautiana ni nani analipia muda ambao chombo kimelala. Huku, pikipiki yangu ikilala, najilipia mwenyewe kutoka kwenye starehe yangu. Nyumbani analipia dereva, kutoka kwenye sufuria. Halafu tunamlaumu kwamba anaendesha chombo kibovu.

Nasema "tunamlaumu" kwa sababu na mimi ni bosi sasa. Hili ndilo nililokuwa nazunguka kulisema. Nina pikipiki mbili Tanga, nilizinunua kwa zamu za usiku za ghala, na vijana wawili wananitumia hesabu ya elfu kumi kila siku. Saa ya chakula cha mchana, kabla sijarudi uwanjani, nikafungua simu nikakuta ujumbe wa mmoja wao. "Bosi samahani, cheni inaruka, fundi anasema na sproketi zimeisha, leo hesabu itachelewa." Wiki mbili nyuma alikuwa ameandika kitu kama hicho hicho, na mimi nikamjibu, nimekwenda kuliangalia jibu langu, "Cheni haiwezi kusubiri jioni?"

Elfu kumi ni kama pauni tatu. Ile chai na sandwichi zilinigharimu zaidi.

Najua mtakachosema mabosi wenzangu wa Leicester, Oslo na Minnesota. Ukimpa dereva siku ya gereji ataenda kulala. Wengine watalala, na mimi nilipokuwa dereva ningeweza kulala pia, Mungu anajua nilikuwa nachoka. Lakini risiti ya breki inapigwa picha, na fundi ana simu. Kwangu mimi ni hivi kuanzia sasa: Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi haina hesabu, pikipiki inakwenda gereji itake isitake, na breki, tairi na cheni ni juu yangu. Aliye na mkataba wa kumwachia dereva pikipiki mwishoni atapanga yake, hesabu zake ni nyingine.

Mchana jua lilitoka, barabara ikakauka, nikapata zamu nne nzuri. Mzee wa makaa alinipita mara tatu, mara ya tatu akinipungia.

Jioni, vidole bado vimekufa ganzi, nikamtumia yule kijana ujumbe wa sauti nikimweleza utaratibu mpya. Alama mbili zikawa bluu. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaandika, "Bosi, unataka kuiuza?"

Nikajibu hapana, siiuzi.

"Sasa nimekosea wapi?"