Mwanza–Bukoba: Ufupi wa Safari Usimsukume Rubani

Ukipiga mstari juu ya Ziwa Victoria kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba, unapata kama kilomita 175. Kwa barabara, kupitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba, ni zaidi ya kilomita 400. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea foleni ya kivuko, lakini ziwa bado unalizunguka. Meli nayo hutembea usiku kucha. Ndege? Dakika 40 hivi.

Na si zote ni za angani. ATR, ile ndege ya mapangaboi tuliyoizoea, ikishatulia juu hukimbia karibu kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo kilomita 175 ingezimaliza kwa dakika 20 na ushei. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea Mwanza hadi inaposimama Bukoba, na humo ndani kuna kupanda, kupunguza mwendo, kujipanga na njia ya kutua. Kwa safari fupi kama hii, ndege haijakaa sana juu tayari inaanza kushuka.

Ndiyo maana huniuma kusikia abiria wakinung'unika ndege ikichelewa kuondoka: "Dakika arobaini tu hizi, wanangoja nini?" Wanangoja mvua ya Bukoba ipite. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo wa pande zote hukutana juu ya ziwa, mawingu mazito yanajengeka, kisha upepo wa mashariki unayasukuma kuelekea Kagera, mkoa ulipo mji wa Bukoba. Yanafika alfajiri na asubuhi, saa ambazo sisi tunataka kuwa tumeshatua. Na njia ya kurukia ya Bukoba imepakana na ziwa.

Asubuhi ya Novemba 6, 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Wavuvi ndio waliotangulia kufika kuokoa watu. Sisi wa Kagera, ambao tulishazika watu waliozama na meli ya MV Bukoba mwaka 1996, hatukuhitaji kufundishwa tena ziwa hili ni nini.

Ninavyoona mimi, ufupi wa njia hii ndio unaompa rubani nafasi. Bukoba kukifunga, Mwanza ipo nusu saa nyuma yake, ina njia ndefu zaidi ya kutua. Kugeuza ni gharama ya mafuta na saa chache za abiria, basi. Hakuna njia nyingi nchini ambako kurudi ni rahisi kiasi hiki, na bado tunamfanya rubani anayerudi aonekane ameshindwa kazi.

Mashirika yaandike kwenye tiketi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba safari ya Bukoba inaweza kurudi Mwanza, na yaseme abiria atapewa nini ikitokea hivyo: chakula, pa kulala, kiti cha ndege inayofuata bila kulipa tena. Safari za asubuhi sana zisogezwe hadi saa za baadaye miezi ya mvua. Na mwenye kikao Bukoba saa 3 asubuhi asafiri jana yake.