Tumbo Joto au Msongo wa Mawazo?

Saa tatu usiku simu ikalia mlio mmoja mfupi. Ujumbe wa bosi: "Kesho asubuhi pitia ofisini kwangu." Maneno matano, hakuna salamu, hakuna sababu. Sijamaliza kuyasoma mara ya pili, kinywa kimekauka, tumbo linavuruga, na nilipojilaza ubavu wa kushoto nikawa nausikia moyo wangu kwenye mto. Usiku ule niliyapitia makosa yangu ya mwaka mzima, moja baada ya jingine, hata yale ambayo hakuna aliyeyajua. Asubuhi nikaenda. Alitaka kujua kama naweza kumshikia zamu mwenzangu anayekwenda likizo. Nikasema naweza, nikatoka. Nilipofika mezani kwangu nikashika kikombe, na mkono ulikuwa bado unatetemeka. Akili ilishajua kwamba yamekwisha. Mwili ulikuwa haujapata habari.

Kisa kidogo hicho kinaweza kudaiwa na pande zote mbili za ubishi wa siku nyingi. Anayeamini kwamba hofu huzaliwa kichwani atasema: hakuna aliyekugusa, umetishwa na tafsiri yako mwenyewe. Anayeamini kwamba mwili ndio mwenye usukani atauliza: mbona tafsiri ilipobadilika mkono haukutulia?

Kiswahili chenyewe hakijaamua. Mtu mwenye wasiwasi ana tumbo joto, roho iko juu, kijasho chembamba kinamtoka. Aliyeumizwa amekatwa maini. Viungo vitupu. Lakini ukimweleza daktari hali hiyohiyo, utaambiwa una msongo wa mawazo, kana kwamba shida nzima ni mawazo yaliyosongamana kichwani. Misemo hii miwili ina matibabu mawili tofauti ndani yake. Mwenye tumbo joto atapewa pumzi, matembezi, labda kidonge cha kupunguza mapigo ya moyo. Mwenye msongo wa mawazo ataambiwa abadili namna anavyofikiri. Ndiyo maana naona ubishi huu haufai kuachiwa wanafalsafa peke yao.

Aliyeuwasha katika sayansi ya kisasa ni Mmarekani William James, mwaka 1884. Watu wote, alisema, huamini kwamba nimemwona dubu, nikaogopa, nikakimbia. Kwake mpangilio huo ni kinyume. Umemwona dubu, mwili umeshtuka na kutimua mbio, na kule kuuhisi mshtuko wa mwili ndiko kunakoitwa hofu. Si kwamba tunalia kwa kuwa tuna huzuni. Tuna huzuni kwa kuwa tunalia. Mwaka uliofuata daktari wa Denmark, Carl Lange, akatoa hoja inayokaribiana na hiyo, na nadharia ikabaki na majina yao mawili. James aliacha jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya akiwa amekaa: iwaze hasira yako, kisha ondoa kifua kinachofura, uso unaowaka, meno yanayosagana, mkono unaotaka kupiga. Kinabaki nini? Nimejaribu. Kwangu kilibaki kitu kama taarifa ya kikao: "fulani amenikosea". Hasira haimo.

Mwaka 1927 Walter Cannon wa Harvard, yule aliyeeleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia, aliivamia nadharia hiyo kwa shoka. Paka waliokatwa mtandao wa neva unaoamsha mwili bado waliwafokea mbwa. Mapigo ya kasi na jasho hutokea katika hofu, katika hasira, hata katika homa. Utajuaje hisia ipi ni ipi kwa dalili zilezile? Na ipo hoja niipendayo zaidi. Watu waliodungwa sindano ya adrenalini, homoni ya mshtuko, katika utafiti wa daktari Mhispania Gregorio Marañón wa mwaka 1924, baadhi yao walisema wanajisikia kana kwamba wanaogopa. Kana kwamba. Moyo unadunda, mikono inatetemeka, lakini hofu yenyewe haijaja, kwa kuwa hakuna cha kuogopa.

Hoja ya paka haijazeeka vizuri. Neva nyingine zinazotoka tumboni na kifuani kwenda kichwani zilikuwa bado nzima, tena paka anayefoka hatuelezi anahisi nini. Lakini ile ya "kana kwamba" imesimama. Mwili uliochachamaa peke yake hautoshi kuwa hofu.

Basi kambi ya kichwa imeshinda? Kwa muda mrefu ilionekana hivyo, hasa amigdala ilipoanza kutajwa kila mahali kama makao makuu ya hofu. Hicho ni kijisehemu cha ubongo chenye umbo la lozi, kimoja kila upande. Yupo mwanamke mmoja Marekani, katika maandishi ya kitabibu anaitwa S.M. tu, ambaye ugonjwa adimu uliharibu amigdala zake zote mbili. Watafiti walimpeleka kwenye duka la nyoka na buibui, akawa anataka kuwashika. Wakamtembeza kwenye nyumba iliyotengenezwa mahususi kuogofya watu, akaongoza msafara huku akicheka. Ilionekana kesi imefungwa.

Kisha mwaka 2013 ikachapishwa habari ya jaribio jingine. S.M. alivalishwa barakoa akavuta pumzi moja ya hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 35. Alihema kwa nguvu, akapunga mkono kuelekea kwenye barakoa aivuliwe, akapatwa na taharuki ambayo hakuwahi kuijua tangu utotoni. Mapacha wawili wenye ugonjwa kama wake nao yakawapata hayohayo, ilhali wengi wa watu wenye afya waliofanyiwa jaribio hilo hawakufikia huko. Mwanamke asiyeogopa nyoka aliogopeshwa na damu yake mwenyewe. Gesi ile huongeza asidi mwilini, na vihisishi vya asidi vimo kwenye mishipa ya shingo na ndani ya shina la ubongo. Havikuhitaji amigdala kupiga mbiu. Amigdala, kumbe, hupima hatari iliyo nje. Na kuna dokezo jingine: kabla ya kuvuta gesi, wagonjwa wale hawakuonyesha dalili za mwili za kungojea balaa, kama walivyoonyesha wazima. Taharuki waliipata, tumbo joto la kuisubiri hawakuwa nalo.

Ukinibana niseme nasimama wapi, nitataja panya. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walitumia mwanga kuuendesha moyo wa panya kwa kasi waliyoitaka wao, bila dawa na bila kumtisha. Je, moyo wa mbio humfanya panya awe mwoga? Ndiyo, lakini pale tu palipokuwa na hatari: mahali pa wazi, au palipo na uwezekano wa kupigwa shoti. Na walipoizima insula, sehemu ya ubongo inayopokea habari za viungo vya ndani, woga ule ulipungua japo moyo uliendelea kukimbizwa. Kwa maoni yangu huo ndio muhtasari mzuri kuliko mabishano yote: mwili hupandisha sauti, mazingira na tafsiri huchagua wimbo, na mahali fulani katikati pana fundi anayeunganisha waya. James na Cannon kila mmoja alikuwa ameshika waya mmoja.

Tatizo ni kwamba wauza ushauri nao wameshika waya mmojammoja, na wana sauti kubwa kuliko wanasayansi.

Tuwaanze wa pumzi. Msingi wao ni wa kweli, na huhitaji maabara kuuona. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, usikilize mapigo. Vuta hewa taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Ukitulia vya kutosha utayasikia mapigo yakiharakisha unapovuta na yakizembea unapotoa. Breki hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Ukipumua kama mara 6 kwa dakika, unaikanyaga breki kwa mpango. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya nyuzi za neva hiyo hupeleka habari juu, kutoka viungoni kwenda kichwani. Kwa hiyo mwili haungoji kuamriwa tu. Muda mwingi ndio unaotoa ripoti.

Sasa angalia kinachofanywa na ukweli huo. Neva ya vagasi siku hizi inatibu kila kitu: usingizi, ndoa, uzito, huzuni ya miaka. Gusa hapa, imba hivi, mwagia uso maji baridi. Baadhi yanapunguza mapigo kweli, lakini mapigo kupungua si sawa na jambo kwisha. Ningeweza kupumua mara 6 kwa dakika usiku kucha, na ule ujumbe ungekuwa bado upo kwenye simu, haujasomeka upya. Tumeshaonywa na historia pia. Mwaka 1988 ilitoka habari kwamba ukibana kalamu kwa meno, uso ukakaa kama unatabasamu, vichekesho vinakuchekesha zaidi. Ikapendwa mno. Mwaka 2016 maabara 17 zikairudia, zikatoka mikono mitupu. Utafiti mkubwa wa nchi 19 uliochapishwa mwaka 2022 ukapatanisha kidogo: kutabasamu kwa kukusudia huongeza furaha kiasi, ila kalamu yenyewe haikuthibitika. Mwili unasikika, lakini haudanganyiki kirahisi kama tulivyoahidiwa.

Kambi ya fikra nayo ina mali. Mwanasaikolojia James Gross alionyesha mwaka 1998 tofauti ambayo kila mtu angepaswa kuijua. Watu walitazama filamu ya kuchukiza. Walioambiwa wafiche hisia zisionekane usoni walifaulu kuficha, lakini ndani mwili ulichachamaa zaidi. Walioambiwa waitazame kwa jicho jingine, kama mtu anayechunguza ufundi, walipungukiwa na karaha bila gharama hiyo. Kumeza hasira, basi, si kuidhibiti. Ni kuihamisha chumba. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks akaongeza jambo la kufurahisha: watu wanaokaribia kuimba au kuhutubia hufanya vizuri zaidi wakijiambia "nimechangamka" kuliko "nimetulia". Moyo unadunda vilevile. Kilichobadilika ni jina la mdundo.

Hapo ningewaunga mkono moja kwa moja, kama wasingesahau chombo wanachokitegemea. Kuangalia jambo kwa jicho jingine ni kazi ya gamba la mbele la ubongo, na msukosuko mkali huanza kwa kulidhoofisha gamba hilohilo. Kumwambia mtu aliyeshikwa na taharuki "hebu fikiria vizuri" ni kumtuma mgonjwa akajichotee dawa. Na si suala la mawazo mabaya tu. Mwaka 2000 watafiti wa Zurich waliwapa watu kidonge cha kotisoni, kinachogeuka mwilini kuwa kotisoli, homoni ya msongo, saa moja kabla ya kuwauliza maneno waliyojifunza siku moja nyuma. Hawakutishwa, hawakuwa na mtihani wa maisha, ilikuwa kemia tupu. Wakakumbuka machache kuliko waliopewa kidonge bandia. Mwanafunzi anayesema "nilijua yote ila yalipotea nilipoingia chumba cha mtihani" hasingizii.

Kwa hiyo swali la "pumzi au fikra" nalijibu kwa kuangalia saa. Adrenalini hupanda kwa sekunde. Kotisoli huchelewa: amri hutoka haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, hupitia tezi ya pituitari, hufika tezi zilizo juu ya figo, na kilele chake huja dakika 20 hadi 30 tangu kisa kianze. Katika dakika za kwanza mlango ulio wazi ni wa mwili, kwa hiyo pumua, simama, tembea. Fikra zije baadaye, gamba la mbele likisharudi kazini, na hapo zisirukwe, maana bila hizo utakuwa unazima moto huohuo kila usiku. Wanaokubaliana na agizo la kwanza mara nyingi hawalifikii la pili.

Kuna upande wa tatu ambao kambi zote mbili huukwepa, pengine kwa sababu hauuziki. Uchunguzi wa Whitehall, uliofuata afya za watumishi wa serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1967, ulikuta wanaume wa ngazi za chini kabisa wanakufa kwa maradhi ya moyo karibu mara tatu ya wale wa juu. Sigara, presha na kolesteroli havikutosha kueleza pengo lote. Uchunguzi wa pili, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha kidole jambo jingine: mtu ana usemi kiasi gani juu ya kazi yake. Mtunza mlango anaweza kufundishwa kupumua na kufundishwa kuwaza, na bado kesho yake ataamuliwa kila kitu na mwingine.

Mimi nilichofanya, wiki mbili baada ya ule usiku, ni kumweleza bosi. Alishangaa kweli, kwake ulikuwa ujumbe wa kawaida. Tangu hapo akiniandikia usiku huongeza maneno mawili, "ni zamu". Naisoma simu, naigeuza kifudifudi, nalala ubavu wowote.