Vitu vya anayehama ni bei chee, ila sio vyote

Dodoma ukikaa mtaani wiki mbili tu lazima ukutane na tangazo la "nahama, nauza vitu vya ndani", Jumamosi asubuhi unakuta makochi, ndoo na stuli vimetolewa uani, majirani wanapita wanapapasa kama hawataki. Tangu serikali ilivyoamua 2016 kuhamia huku uhamisho hauishi, na kupakia kabati kwenye Fuso mpaka Dar, kilomita kama 450, wengi wanaona bora wauze. Unafuu uko hapo, muuzaji ana tarehe ya kuondoka wewe huna.

Mimi kabati la mninga nimelipata Ilazo kwa 120,000, zito mpaka vijana wa kirikuu wakagoma wakataka nyongeza, nikatoa huku nacheka. Mbao haina siri, unagonga, unavuta droo, unachungulia nyuma kama kuna ungaunga wa wadudu, basi.

Vya umeme sasa, hapo ndo watu wanapigwa. Friji nililonunua Nkuhungu nililikuta linawaka, barafu ndani, nikalipa fasta, siku ya tatu maji vuguvugu. Fundi akanionyesha bomba la nyuma limechomelewa juzijuzi, bado linang'aa, yani gesi ilijazwa ya kuuzia tu. Mwenye friji kashahama, simu haipatikani. Wanaosema bora dukani upate risiti na waranti kwa hili nawaelewa kabisa, ila sufuria na meza waranti ya nini jamani?

Halafu kuna vya wizi. TV haina rimoti, haina risiti, muuzaji hataki mwandikishane hata mbele ya mjumbe, hiyo achana nayo hata kwa elfu ishirini, maana kupokea mali ya wizi ni kosa na polisi watakuja kwako sio kwake. (Godoro nalo mimi sigusi, kunguni hawana bei.)

Kinachonisumbua zaidi ni huku kukandamiza bei. Kuna dogo wa UDOM alimaliza chuo, anauza jiko na mtungi mdogo wa gesi, basi lake alfajiri ya kesho yake, nikamshusha mpaka 20,000. Jamaa yangu akaniambia hapo hujapatana, umemnyang'anya, nikabisha sana, si kakubali mwenyewe. Kufika home nanyanyua mtungi, umejaa, gesi yenyewe tu ilikuwa inazidi hela niliyompa.