Nani kawadanganya kwamba mbele hakuna mzigo?

"Tairi jipya funga nyuma, hilo lililochoka peleka mbele likamalizikie huko. Mbele hakuna mzigo." Ingia gereji yoyote ya bajaji, kaa kwenye benchi robo saa, utaisikia kauli hii kabla soda haijaisha. Fundi anaisema, dereva anaitikia, na tajiri akipigiwa simu anaibariki maana inamwokolea bei ya tairi moja. Imerudiwa mpaka imekuwa kama sharti la leseni. Nimechoka kuisikia, kwa sababu haihitaji elimu ya juu kuona kwamba ni uongo. Inahitaji kujumlisha na kugawanya tu.

Haya, tujumlishe. Bajaji tupu, kutegemea modeli, inakaribia kilo 350. Dereva na abiria watatu, tuwape kilo 70 kila mmoja, ni 280. Jumla 630. Injini iko nyuma na kiti cha abiria kiko nyuma, kwa hiyo sehemu kubwa ya uzito inalala huko, sikatai. Tuseme theluthi mbili na ushee, kilo 440. Lakini nyuma matairi ni mawili, jamani! Kila moja linabeba 220. Zile 190 zilizobaki zimekaa juu ya tairi moja la mbele ambalo halina mwenzake wa kulipokea. 220 kwa 190: huo ndio "hakuna mzigo" wenu.

Na hapo bajaji imesimama kijiweni inasubiri abiria. Ikiwa kwenye mwendo, daladala ikachomekea, dereva akakanyaga breki, uzito unakimbilia mbele. Kwa sekunde hizo mbili tatu, lile tairi kipara mliloliweka "limalizikie" ndilo linaloelemewa kuliko yote matatu, na papo hapo linatakiwa likate kona. Siku ya mvua ya Aprili halitakata. Litateleza moja kwa moja na usukani umegeuzwa mpaka mwisho, na dereva atasema breki zilikataa.

Kupasuka nako ni hivyo hivyo. La nyuma likipasuka, bajaji inalalia upande ule na kuvuta, lakini dereva bado ana gurudumu la kuongozea. Akitulia ataitoa pembeni. La mbele likipasuka, mpira unajikunja chini ya kiringi kile cha inchi 8, usukani unamponyoka mkononi, na chombo chenyewe unajua kilivyo chepesi kulala. Mafiga ni matatu. Hakuna figa la akiba.

Najua jibu mlilonalo: ya nyuma ndiyo yanayoisha haraka kwa sababu ndiyo yanayosukuma. Kweli. Hapo mmepata. Ila jibu lake si kulifanya gurudumu la mbele liwe kaburi la matairi. Bajaji zetu nyingi, RE ya Bajaj na King ya TVS, zinavaa saizi moja magurudumu yote matatu, 4.00-8, kwa hiyo tairi liingilie mbele na litokee nyuma. Ukiwa na pesa ya tairi moja tu, jipya lifunge mbele. Lililokuwa mbele lihamie nyuma, mahali pa lile lililochoka zaidi, na hilo ndilo la kutupa. Kabla hujalihamisha, chukua uzi, uzungushie tairi hilo katikati ya uso wake, kisha uzungushie na lile litakalokuwa pacha wake kule nyuma. Vipimo visipishane sana. Yakipishana, bajaji inakaa upande na difu, ile gia inayoyaachia magurudumu ya nyuma yapishane mwendo kwenye kona, inafanya kazi hiyo hata barabara ikiwa imenyooka. Usisubiri tairi la mbele liishe ndipo lihame. Likifika nusu ya kina cha mifereji, lihamishe lingali na maisha.

Sasa dukani. Mtu anafika, anasema "nipe nne nane", anapewa, analipa, anaondoka. Anajua kwamba 4.00-8 ndiyo saizi ya matairi mengi ya toroli? Toroli la zege, lile la saiti! Linaingia kwenye ringi bila ubishi, lina umbo lile lile, tena lina bei tamu. Limetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu akisukuma kokoto, kwa kawaida plai mbili (plai ni tabaka za nyuzi ndani ya mpira), na mara nyingi ubavuni halina namba ya mzigo wala herufi ya mwendo. Lina joto lake pia: ukilikimbiza muda mrefu lina abiria watatu mgongoni, mpira unaweza kuanza kuachana na nyuzi. Kuna 4.00-8 nyingine ya pawatila, yenye kashata ndefu za kulimia, nayo nimesikia watu wakiisifu kwamba "haiishi". Haiishi, ila kwenye lami inatetemesha bajaji mpaka kioo cha pembeni kinajikunja chenyewe.

Kwa hiyo soma ubavu wa tairi. Tafuta 6PR, yaani nguvu ya plai sita. 4PR inaweza kumfaa mwenye bajaji ya nyumbani anayepeleka watoto shule. Ya biashara inataka sita. Karibu na saizi utaona namba na herufi. Namba ni mzigo: 55 maana yake kilo 218, na hapo juu tumeshaona kwamba nyuma tunahitaji 220 kabla hata gunia la vitunguu halijapakiwa, na kabla yule abiria wa nne hajabanana na dereva. 66 ni kilo 300. Herufi ni mwendo: J ni kilomita 100 kwa saa, inatosha na kubaki. Tairi lisilo na chochote kati ya hivyo lirudishe kwenye ndoano yake. Tairi la 8PR kwa bajaji ya abiria ni kujitafutia maumivu ya kiuno tu.

Halafu tarehe. Tafuta tarakimu nne za mwisho za ule mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Na angalia lilipotundikwa. Yale yanayoning'inia nje ya duka kama mapambo ya sherehe, jua la saa nane linayapiga kila siku, ubavu wake ukiukunja kwa vidole gumba unaona vijistari vyembamba kama tope lililokauka. Muulize muuzaji la ndani, lililokaa kivulini. Atanuna kidogo.

Kuhusu uso wa tairi: mbele nataka lenye mistari inayozunguka tairi zima, kwa sababu linafuata usukani na linapitisha maji. Nyuma weka la vitalu. Wa Chanika na Kivule ndanindani, kwenye mchanga, haya, wekeni vitalu hata mbele, sitagombana.

Na hawa wachongaji! Tairi limekuwa kipara, kijana anachukua kisu kilichopashwa moto, anachora mifereji mipya, tena kwa mwandiko mzuri. Mpira wa kuchonga ameutoa wapi? Ni ule ule mwembamba uliokuwa umebaki juu ya nyuzi. Amelipunguza tairi lililokuwa limeshakwisha na amelipwa.

Tairi jipya lipewe tyubu mpya. Tyubu ya zamani imeshatanuka; ukiitia kwenye tairi jipya inajikunja, na pale kwenye kunjo ndipo itakapokatika baada ya wiki chache, kisha utalilaumu tairi. Tyubu za 4.00-8 zinauzwa zenye vali iliyonyooka na zenye vali iliyopinda, kwa hiyo nenda na ya zamani mkononi mfananishe. Ipake poda, itie upepo kidogo ipate umbo tu, ndipo uiingize. Wanaotaka kuondoa tyubu kabisa kwa sababu pikipiki ya jirani haina: ringi ya bajaji ni ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati, inavuja kwenye maungio. Mjadala umekwisha.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, kwa geji, si kwa teke. Kitabu cha bajaji kinatenganisha mbele na nyuma. Fundi pancha anayejaza yote matatu sawasawa hajakifungua. Tairi lililoisha kingo zote mbili na katikati bado lina nyama lilikosa upepo. Lililoisha katikati lilizidishiwa. Lililoliwa upande mmoja halina kosa: angalia beringi na bushi kabla hujanunua jingine, la sivyo nalo litaliwa upande huo huo.

La mwisho ni ringi yenyewe, maana hapa watu wanaumia. Ile ya vipande viwili ina nati zinazoishika kwenye dramu na nati nyingine zinazounganisha vipande. Gurudumu linatoka kwa zile za dramu. Za kuunganisha haziguswi mpaka kisindano cha vali kimetolewa, upepo umeisha wote, na tairi linabonyea kwa kidole. Ukizifungua likiwa gumu, upepo wote ule unavirusha vipande viwili vya chuma usoni kwako. Wakati wa kurudisha, kagua mzunguko mzima kwamba tyubu haijabanwa katikati ya vipande, kaza nati kwa kukingamisha, tia upepo nusu, na tazama kama mstari wa ubavuni umekaa umbali sawa na ukingo wa ringi pande zote. Ukipinda, toa upepo uanze upya. Na ukimwona fundi ameshika spana, anafungua za katikati huku tairi bado limevimba, usisimame kumtazama. Mwite kwa sauti, huku unarudi nyuma.