Hayatuhusu? Kamuulize shangazi yangu Biharamulo

Juzi kwa kinyozi jamaa mmoja anatamba eti Marekani kujitoa WHO, lile Shirika la Afya Duniani, hayatuhusu, wakubwa wacha wavurugane wenyewe. Nilinyamaza maana wembe ulikuwa shingoni, ila limenikaa rohoni ndo naandika hapa.

Hebu kumbukeni tarehe jamani. 20 Januari 2025 Mama Samia yuko Dodoma, pembeni yake Tedros, mkurugenzi mkuu wa WHO, anatangaza kwamba Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, upo Kagera. Siku hiyohiyo huko Washington Trump ndo kwanza kaapishwa, anasaini karatasi ya kujitoa kwenye shirika ambalo bosi wake yuko kwetu anahangaika na ugonjwa wetu. Siku moja! Shangazi yangu wa Biharamulo, hukohuko Kagera, wiki zile hakumpa mtu mkono, hata msibani alisimama mbali kaziba mdomo na kanga, watu wanamnunia. Mpaka unatangazwa umeisha Machi, waliohesabiwa kuugua ni kumi na wote kumi walikufa. Hayatuhusu, eeh?

Tedros pale pale akatoa ahadi ya dola milioni 3 kutoka mfuko wa dharura, na ule mfuko haujai kwa maombi, unajazwa na michango. Sasa mchangiaji mkubwa wa WHO, Marekani, kasepa, na alivyosepa ndo kituko. Masharti walijiwekea wenyewe 1948 wakati wanaingia: notisi ya mwaka mmoja na deni lilipwe. Notisi wametoa, Januari 2026 wakaondoka bila kulipa ada ya 2024 na 2025. Mtaani kwetu mpangaji anayehama hivyo anahama saa nane usiku, ye kahama mchana na hotuba juu.

Haya, WHO nao wana madudu yao, nakubali. Na sisi tusijifanye watakatifu, 2020 tuliacha kutoa takwimu za korona, na ile asilimia 15 ya bajeti kwa afya viongozi wa Afrika waliyoahidi Abuja 2001 nchi nyingi bado zinaipigia chenga.

Ila waliobaki hawakukaa kulia. Mei 2025 kwenye mkutano mkuu wa WHO nchi 124 zilipitisha mkataba wa magonjwa ya mlipuko, hakuna aliyepinga, na mkutano uleule ukapandisha ada za uanachama kwa asilimia 20. Zikilipwa lakini.

Shangazi mpaka leo ukimpa mkono anakupa kiwiko.