Stelingi Hafi, Ila Anateleza

Sikulia. Hilo tulimalize kwanza, maana tangu kile kipande cha video yangu nikiteleza kwenye dansi kisambae huko kwenye magrupu, naona maneno ni mengi. Yaliyokuwa yananitoka machoni ni mawese. Na wala sikutumbukia ziwani. Ningetumbukia ingekuwa nafuu: Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, ningezama zangu kimya kimya na habari ingeishia hapo. Aliyerusha kile kipande ni jamaa yetu mshika maiki. Kakata mwanzo, kakata mwisho, kabakiza makalio yangu.

Kwa wageni: kuna muvi tunashuti hapa Kigoma, ya vijana wanaoshindana kudansi mtaani, kundi la Mwanga na kundi la Ujiji. Kampuni hatuna, mfadhili hatuna. Kamera tumeazima kwa mpiga picha wa harusi, kwa hiyo Jumamosi hatushuti. Mimi ndiye stelingi. Msicheke. Nimepewa kwa sababu naweza kuzunguka kwa mgongo bila kutapika.

Na kama zilivyo muvi zisizo na hela, tulianzia mwisho. Sini ya fainali, ninapobebwa juu juu nikiwa na tisheti nyeupe, tuliishuti mapema kabisa kwa sababu ukumbi ulipatikana bure siku ile. Hiyo tisheti nyeupe ikumbukeni.

Sasa siku ya tukio tuko mwalo wa Kibirizi, jioni. Dairekta anataka jua lizame upande wa Kongo, mimi niwe mbele yake. Huyu dairekta wetu mambo haya ameyasoma, tukipumzika tu anaanza: pati ya DJ Kool Herc, Bronx kule New York, 1973, eti ndiyo iliyozaa hip hop, halafu vijana wa kule walivyokuja kucheza juu ya maboksi yaliyofunuliwa. Sawa kaka. Maboksi hatukupata. Mtu wetu wa vifaa akaleta turubai la mjomba wake. Mjomba anauza mawese. Naona mmeshaanza kuelewa.

Turubai lilikuja limekunjwa. Mazoezi yote tulifanyia upande wa juu, mkavu, safi. Ikafika saa ya kushuti kweli, mpiga kamera akasema picha imebana, lifunueni lote. Likafunuliwa. Lile jua la jioni likapiga pale, dairekta akashangilia, "Oneni linavyong'aa!"

Linang'aa, ndiyo. Kuna dumu liliwahi kuvuja mle ndani na hakuna aliyefuta.

"Eksheni!"

Naanza kwa miguu, taratibu, namkazia macho adui yangu wa Ujiji. Watu wamejaa: wavuvi, wapagazi, watoto, abiria wanaosubiri boti. Nashuka chini, mikono imeshika turubai, miguu inakata duara. Hapo nikasikia kiganja kimoja kimeondoka peke yake. Mwili ukaniambia acha. Yule wa Ujiji akacheka. Nikajirusha mgongoni.

Ndugu zangu, kuzunguka nimezoea. Kuzunguka huku nahama ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nikageuka nikaona mitumbwi. Nikageuka nikaona dairekta, mdomo wazi. Nikageuka tena nikaona mitumbwi, ila safari hii iko karibu. Turubai likaisha, mteremko ukanipokea, na mbele yangu, nilimwona vizuri kabisa, kuna mama ameinama anakusanya dagaa wake waliokwisha kauka. Ameshawatia fungu. Gunia liko wazi pembeni.

Nilitaka kusema, "Mama, pisha!" Kilichotoka ni, "Shikamoo!"

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea, bado ameinama.

Nikapita na fungu.

Mlio wa dagaa wakavu wakivunjika chini ya mgongo, jamani, sikutakieni. Na hapa ndipo penye aibu yenyewe, ambayo kipande cha mshika maiki hakina. Dairekta alikuwa ametukaririsha: litokee lolote, ile frizi ya mwisho usiiache. Basi katikati ya dagaa wa watu, mkono mmoja chini, miguu juu, nikaganda. Nikaganda kweli kweli. Mawese yanatoka mgongoni yanateremkia shingoni, yanaingia machoni. Dagaa wamenasa mwili mzima, mmoja yuko puani. Hapo nilichopungukiwa ni ugali wa muhogo tu.

Mwalo mzima kimya. Halafu jaji wetu mmoja, mpagazi tuliyemwomba palepale atukalie kwenye kiti cha majaji, akaninyooshea kidole. Huyu kashinda.

Mama akaja taratibu, akainama, akapinda shingo ili tutazamane.

"We mtoto wa nani?"

Nikataja, miguu ikiwa bado juu.

"Wa pale Gungu? Mama yako namjua." Akanitazama kidogo. "Hebu teremsha miguu."

Nikateremsha.

Yule msambazaji ameandika juu ya kipande chake "Raygun wa Kibirizi". Haya, tuongee kwa hesabu. Olimpiki ya Paris 2024, breki, yaani dansi hii hii yetu ya kuzunguka chini, ndiyo kwanza imeingizwa, huyo Raygun, dada wa Australia, alipanda mara tatu na mara zote akapigwa 18–0 kwa kura za majaji. Mimi nina kura ya mpagazi. Tuheshimiane.

Mengine ni ya kawaida. Dagaa tumewalipa kwa mchango, mshika maiki akajifanya anapokea simu. Tisheti imepita sabuni ya kipande, ya unga, ndimu na jua kali. Ni ya chungwa na itazikwa ikiwa ya chungwa. Kwa hiyo nusu fainali nina chungwa, fainali nina nyeupe. Dairekta hataki kurudia, anasema ataongeza sini ambayo mchumba wangu ananinunulia tisheti mpya. Mchumba mwenyewe hatujampata. Ila mama mkwe tunaye: yule mama wa dagaa amekubali, kwa sharti kwamba analipwa kabla na turubai analitandika yeye.

Mama yangu alipiga jana usiku. Nikajua habari zimeshafika Gungu, nikakaa vizuri kitandani nisemwe.

"Hao dagaa mmelipia wote?"

"Ndiyo, mama."

"Na mawese yalikuwa yameshawaingia?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mliwaacha huko wa nini?"